Samli ya Kitovu

Mbuya, Kampala
5 Machi 2024

Mkwe wangu mheshimiwa, Mama Nangila,

Pokea salamu kutoka huku mlimani. Sisi ni wazima. Mwanangu Owuor bado anauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, na mwajiri wake bado hajagundua kwamba hawezi kutofautisha rangi ya maziwa na nyeupe. Mimi niko pale pale Nakasero kwenye kibanda changu, nashona mabegi na kubadilisha zipu za masanduku ya wasafiri. Mgongo umeanza kulia kama benchi la kanisa. Wateja wananiambia nikae wima. Nawajibu kwamba nikikaa wima sitaiona sindano.

Utauliza kwa nini barua, mwaka huu wa simu. Lakini wewe unajua. Simu ya wakwe ni ya salamu tu. Ukiipokea, mimi nasimama, navua kofia, nakuuliza habari za mvua mara tatu, na maneno yote niliyoyapanga yanatoroka. Karatasi hainitazami usoni. Tena Wahabi, dereva wa lori la vitunguu, anapita Kimilili mara kwa mara, na ameahidi kukuletea mkononi.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi alasiri binti yako Nangila alijifungua mtoto wa kike. Mama ni mzima, anakula, na ananisema. Mtoto ana kilo mbili na robo, na nywele nyingi kuliko babu yake. Ana kidonda kidogo tumboni, kwa hiyo tumempeleka hospitali kubwa madaktari wamtazame. Ni jambo la kawaida. Usiwe na wasiwasi.

Wako kwa heshima,
Odera, Baba Owuor


Kimilili
9 Machi 2024

Baba Owuor,

Asante kwa barua na kwa mjukuu. Huku mvua imeanza na tunapanda mahindi. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama ambaye anafanana na mwalimu mkuu wetu, lakini hilo tumelinyamazia. Darasa langu la tatu lina watoto sabini na mmoja, na wote wana mafua.

Mkwe, nimesahihisha madaftari miaka ishirini. Namjua mtoto anayefunika ukurasa kwa mkono. Pale ulipoandika "usiwe na wasiwasi", wino umekolea, kana kwamba kalamu ilisimama hapo kupumua. Na kidonda kidogo hakimlazi mtu hospitali wiki nzima. Nangila akinipigia anasema, "Mama, tuko salama," kisha salio linaisha. Alipokuwa akizungumza na Owuor wako usiku kucha, salio halikuwahi kuisha.

Sikulazimishi. Nimempa Wahabi chupa ya samli ya ng'ombe mwekundu. Ni ya kitovu. Mtoto apakwe asubuhi, mchana na jioni, kwa kidole kilichonawa. Nyumba hii hatujui dawa nyingine ya kitovu.

Na hukuniambia mtoto anaitwa nani.

Ni mimi,
Nelima, Mama Nangila


Mbuya, Kampala
13 Machi 2024

Mkwe mheshimiwa,

Samli imefika salama, na inatumika kila siku. Nampongeza ng'ombe mwekundu. Msalimie na ndama, mwalimu mkuu.

Nimekaa na karatasi hii tangu jana. Kwa desturi, mimi na wewe hatutakiwi kutajiana kitu chochote kilicho kati ya shingo na magoti. Neno "tumbo" katika barua ya kwanza nililiandika nikiwa nimefumba jicho moja. Kwa hiyo niruhusu niseme kama fundi wa mabegi.

Chukua sanduku jipya, zuri, lililoshonwa vizuri kila upande. Sasa, kando kidogo ya kifungo, upande wa kulia, fundi ameacha tundu la ukubwa wa sarafu, na nguo zimetokea hapo kabla sanduku halijafika stendi. Sanduku ni mjukuu wetu. Kifungo ni kitovu. Nguo ni zile ambazo hutakiwi kuzisikia kutoka kinywani mwangu. Alizaliwa zikiwa nje, Mkwe, karibu zote, bila hata utando wa kuzifunika.

Mkunga wa zahanati ya hapa Mbuya hakupiga kelele. Alichukua mfuko mpya wa maji ya dripu, akaukata, akamwaga maji, akamtia mtoto humo mpaka kwapani. Kisha akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga wote wawili blanketi moja. "Asipoe, asikauke," akasema, "na asinyonye kitu. Haya, gari liko wapi?" Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na mabegi matano ya wateja mabegani. Maisha yangu yote ni mifuko, na siku ile sikuwa na hata mmoja wa kufaa.

Hospitali tulimkuta Daktari Okwir, kijana ambaye ndevu zake bado zinafikiria kama zitoke. Alinieleza bila haraka. Si laana, si chakula, si kitu ambacho mama alikiona njiani. Huwapata zaidi watoto wa mama wenye umri mdogo, kama huyu wetu wa miaka kumi na tisa, na kwa nini hasa, hata wao hawajui. Wanaowahi kufika wakiwa na joto wana nafasi. Wanaozaliwa wadogo mno, wanaochelewa njiani, wanaoingiwa na vijidudu, hao ndio wanaopotea. Zamani, na si zamani sana, wengi hawakumaliza wiki.

"Na siku hizi?" nikauliza.

"Siku hizi wengine wanamaliza, mzee."

Nilitaka aseme "wengi". Alinipa "wengine".

Wakazitia zile nguo katika mfuko laini unaoonyesha ndani, wakauning'iniza juu yake, na kila asubuhi wakawa wanarudisha kidogo. Siku ya pili nilimwambia Daktari, si usukume zote mara moja ufunge, tumalize? Akaniuliza, "Mzee, sanduku likijaa wewe unafanyaje?" Miaka thelathini nimekula jasho la watu waliolazimisha zipu. Ijumaa, siku ya sita, kipande cha mwisho kikaingia, wakafunga.

Sasa tunangoja nguo zikumbuke kazi yake. Mpaka zikumbuke, anakula kwa mshipa, na mpira mwembamba unamtoa maji ya kijani puani. Muuguzi wetu ni Sista Alum, aliyekulia kambi ya polisi Naguru. Kiswahili chake kinapiga saluti. Jana nilimwinamia mtoto nikasikia nyuma yangu, "Mzee. Kuangalia, sawa. Kupumulia mutoto, hapana. Rudi nyuma hatua tatu." Nikarudi nne.

Nangila aliniapisha nisikwambie. Kiapo nimekivunja. Akikupigia, jifanye hujui kitu. Wewe ni mwalimu, unaweza.

Odera


Mbuya, Kampala
25 Machi 2024

Mkwe mheshimiwa,

Habari za mahindi? Wahabi amepita mara mbili mikono mitupu. Mara ya kwanza nilijiambia lori limewahi. Mara ya pili sikujiambia kitu.

Kama nimekukosea kwa kutaja yasiyotajwa, nitoze faini unayotaka. Kama ni kwa kuchelewa kuyataja, toza mara mbili.

Huku Owuor amejifunza kuimba. Anaimba vibaya, lakini Nangila anasema mtoto hufumbua macho. Mimi nasema hata mimi hufumbua. Shangazi yangu mmoja alikuja kutoka nyumbani, akasema maneno kuhusu upande wenu, ambayo niliyaacha pale pale yalipoangukia. Amesharudi.

Mtoto ana homa, leo siku ya nne. Wamebadilisha dawa. Uzito umeshuka mpaka kilo mbili kasoro. Maji ya mpira bado ni ya kijani. Daktari anasubiri yawe meupe, na anasubiri kitu kingine ambacho sitakitaja, lakini kila mtu aliyewahi kulea anakijua. Siku ishirini na tatu, bado. Jana nilimuuliza tena kuhusu lile neno, "wengine". Alinishika bega tu. Heri angenitukana.

Uliniuliza jina. Kwenye mkono amebandikwa "Mtoto wa Nangila". Mama yangu marehemu aliitwa Adero. Jina liko tayari, limekunjwa mfukoni. Linangoja.

Odera


Kimilili
27 Machi 2024

Baba Owuor,

Mvua inanyesha. Ng'ombe ni mzima. Hizo ndizo salamu za leo.

Hukunikosea. Nilisoma barua yako ya sanduku nikiwa nimesimama mlangoni mwa darasa, nikawaambia watoto wachore picha ya chochote. Walichora saa mbili nzima. Nikakuandikia barua tatu, nikazichana.

Nangila alikuwa na kaka. Yeye mwenyewe hajui. Nilimzaa nyumbani, Januari, miaka ishirini na miwili iliyopita, nami nilikuwa na umri uleule wa Nangila sasa. Sanduku lilikuwa hivyo hivyo, tundu mahali pale pale. Wanawake waliokuwapo walikuwa wema, lakini hatukuwa na chochote ila kanga na samli. Walimpaka zile nguo samli, wakamfunika kanga, na asubuhi wakasema tutafute gari. Gari lilipatikana jioni. Alikuwa ameshapoa.

Nikaambiwa nisimlilie kwa sauti na nisimpe jina, ili uzito upungue. Nikakubali. Mimba ya Nangila ilipofika miezi tisa sikungoja uchungu, nilianza safari ya hospitali kwa miguu, nikamzaa njiani. Ndiyo maana anaitwa hivyo. Watu walicheka kwamba nina haraka. Niliwaacha wacheke.

Nilinyamaza wiki mbili kwa sababu niliogopa utasema limetoka kwetu. Na shangazi yako, naona, amekwisha kulisema. Mwambie Daktari wako hili la kaka yake. Kama linamsaidia, alitumie.

Na nasikia baridi nikikumbuka ile chupa. Tafadhali niambie hamkumpaka.

Sasa la jina. Mkwe, mpe. Litoe mfukoni kesho, homa au hakuna homa. Mimi wangu sikumpa, nikidhani najipunguzia. Uzito haukupungua hata kidogo, ila miaka ishirini na miwili sina cha kumwita.

Nelima


Mbuya, Kampala
2 Aprili 2024

Mkwe, Mama Nangila,

Barua yako Wahabi aliniletea Alhamisi. Niliisoma kibandani nikashona zipu kinyume, na mteja akaondoka na begi linalofungukia ndani.

Kwanza: hatukumpaka. Kuhusu ile samli nitatoa maelezo siku nyingine, nikiwa na wakili.

Pili: nilimwambia Daktari Okwir habari za mwanao. Alivua miwani akasikiliza mpaka mwisho. Alisema kurithi ni nadra, mara nyingi hutokea tu, na hakuna mtu wa kulaumiwa upande wowote. Kisha akasema, "Mwambie mama huyo kwamba mwaka ule hata mimi nisingeweza." Nimekuandikia kama alivyosema.

Tatu: Ijumaa Kuu nilivaa shati la kanisani nikaenda wodini. Nikamwambia Sista Alum nataka kuandika jina.

"Leo? Joto yake iko thelathini na nane na nusu."

"Leo."

Alinitazama. Kisha akachomoa kalamu yake mfukoni, ile ambayo hata madaktari hawaazimi, akanipa. Nikaandika ADERO. Kwa mwandiko wangu linasomeka kama jina la dawa. Nangila alilia, Owuor akaimba, Sista akamfukuza Owuor.

Jumamosi homa ilishuka. Sisemi ni jina. Daktari anasema ni dawa mpya, nami nampa dawa haki yake. Maji ya mpira nayo yakaanza kuwa meupe.

Sasa funga macho, Mkwe, usome kwa jicho moja. Jumapili ya Pasaka, watu wakitoka kanisani, sanduku lilifunguka kwa ule mlango ambao sanduku limeumbwa kufungukia. Kiasi cha kijiko. Sista Alum aliinua nepi juu kama bendera ya kikosi akasema, "Ametoa." Mama wa kitanda cha tatu akapiga vigelegele. Daktari alikuja mbio, akatazama ndani ya nepi kama mtu asomaye matokeo ya mtihani, akanipa mkono. Nina miaka hamsini na mitatu. Hata siku ya harusi yangu sikupewa mkono namna ile, na siku ile nilikuwa nimefanya kitu. Nilishuka barabarani nikanunua chapati za mayai, nikagawia kila mtu mpaka mlinzi wa lango, na alipouliza tunasherehekea nini nikamwambia ukweli. Aliirudisha chapati kwanza, kisha akaichukua.

Jana amepewa maziwa ya mama yake, matone matano kwa bomba la sindano. Hakuyatapika.

Odera, Babu wa Adero


Kimilili
5 Aprili 2024

Baba Owuor,

Umemwandikia mkweo habari za nepi wiki ya Pasaka. Baba yangu angekuwa hai, tungekuwa kwenye baraza la wazee sasa hivi. Nimeisoma mara nne. Mara ya tatu nilimsomea ng'ombe.

Shule zimefunga. Ninakuja na lori la Wahabi, juu ya vitunguu ikibidi. Najua taratibu za ndoa kati ya nyumba zetu hazijakamilika, kwa hiyo sitalala kwako, sitakula kwako, sitavuka mlango wako. Nitakaa kwa Nabangala, binti wa shangazi yangu, Naguru. Lakini hospitali si kwako wala si kwangu, na binti yangu anakamua maziwa kwa zamu na usingizi. Huyo anahitaji mama yake.

Nangila usimwambie. Wewe ni fundi, unaweza.

Nelima


Mbuya, Kampala
21 Julai 2024

Mkwe, Bibi wa Adero,

Tangu uondoke kurudi shuleni, wodi nzima inakuulizia. Mama wa kitanda cha tatu naye ameruhusiwa. Sista Alum anasema wewe ndiye mgeni pekee aliyewahi kumsahihisha Kiswahili akabaki hai. Ameniambia, "Ile mama, ile ni afande."

Nami nalikumbuka benchi la pale koridoni. Wiki tano tulikaa benchi moja, wewe kaskazini, mimi kusini, begi lako katikati kama mpaka wa Malaba. Wewe ukiuambia ukuta, "Mtoto ameongeza gramu arobaini," nami nikiujibu ukuta, "Asante sana." Na siku ile Nangila alipokuja akaketi juu ya mpaka, akalaza kichwa begani kwako, mkanong'ona mpaka jua likahama dirisha, mimi nilikwenda kutazama magari. Sijui mlisema nini. Nimehesabu tu kwamba aliporudi wodini alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa.

Mtoto tuko naye nyumbani sasa, na jana tulimpeleka kliniki. Adero ana kilo tano na robo. Anacheka akiniona, nami najiambia ni mapenzi, Owuor anasema ni kipara. Daktari Okwir, ambaye ndevu sasa zimeamua, alimgeuza huku na huku akasema, "Huyu amemaliza." Hakusema wiki, hakusema mwezi. Amemaliza, basi.

Nikamuuliza juu ya kitovu. Alijitahidi kukibakiza alipofunga, na kipo. Kimekaa upande kidogo, kinatazama Entebbe, kama kifungo kilichoshonwa na mwanafunzi wangu wa kwanza. Lakini ni kitovu.

Hapo ndipo dhamiri iliponishika. Mkwe, ile samli niliila. Yote. Niliandika kwamba inatumika kila siku, na ilitumika, kwa mkate, pale nje ya wodi, wiki mbili. Kila nilipofungua chupa nilikusudia kuonja tu. Nimeongezeka kilo nne. Katika familia hii, mimi ndiye niliyenona wa kwanza.

Nilimuuliza Sista kama sasa inaruhusiwa. Alisema, "Kitovu kibichi, hapana, hata siku moja. Ngozi imepona hivi, pakaa kidogo, haina neno. Lakini mkono nawa na sabuni, mzee, mpaka kwenye kiwiko." Sikuombi kitu. Nakupa habari tu.

Odera


Kimilili
4 Agosti 2024

Baba Owuor,

Tumevuna, na ndama amezidi kufanana na mwalimu mkuu. Sasa hata yeye mwenyewe ameona.

Habari ya samli niliijua tangu Aprili. Nangila alinionyesha chupa tupu chini ya benchi, makombo ya mkate yamekwama mdomoni. Nilicheka peke yangu mpaka Nabangala akaniletea maji. Kwa mtoto wangu samli ilifika mahali pasipofaa. Kwa wako ilikwenda inapostahili kwenda, kwenye mkate. Sijawahi kumshukuru mlafi kiasi hiki.

Jumamosi nilikwenda nyuma ya migomba, pale wale wanawake walipomweka. Alizaliwa kiangazi, kwa hiyo kwa desturi yetu jina lake halikuwa na mjadala, lilikuwa likingoja tu mtu wa kulitamka. Simiyu. Nilimwita mara moja, kwa sauti ya darasani. Kuku walishtuka. Mimi sikushtuka. Nangila anajua, na amesema atakapokuja atamwita pia.

Wahabi anakuletea chupa ya pili. Katikati nimechora mstari wa wino mwekundu. Juu ya mstari ni yako na mkate wako. Chini ya mstari ni ya kitovu kinachotazama Entebbe. Nitakuja Desemba kupima.

Jambo la mwisho. Nangila ameniambia kovu sasa si refu kuliko punje ya mahindi. Basi nimeitoa ile barua yako ya kwanza, pale ulipoandika "ana kidonda kidogo", ambapo Machi nilikuwa nimeweka mkasi mkubwa mwekundu wa kosa. Nimeufuta, nikakuwekea tiki.

Ni mimi,
Nelima, Mama Simiyu na Nangila